Mama kati ya Kazi na Nyumba: Mzigo Usio wa Mtu Mmoja



Jioni moja baada ya Misa, mama mmoja muuguzi alinisubiri nje ya sakristia, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika kanga yake. Alikuwa amepata barua ya kuitwa kazini katika mradi wa afya ulioko mkoa mwingine, kwa mkataba wa miaka miwili na mshahara uliokaribia mara mbili ya ule aliokuwa akiupata hospitalini. Mtoto mkubwa alikuwa na umri wa miaka minne, mdogo miezi saba. Mumewe, mwalimu wa sekondari, alikuwa amekwisha kumwambia: “Wewe ndiye mama, amua mwenyewe.” Naye akaja kuniuliza swali ambalo nimelisikia kwa sura nyingi tangu nilipopewa Daraja Takatifu: “Padre, nikienda, nitakuwa ninatenda dhambi?”

Mama huyo ameridhia niandike habari zake, nami nimebadili mambo machache ili asitambulike.

Sikumjibu jioni ile, na ninayo sababu. Nikiwa padre kijana, mama mwingine aliniuliza swali linalofanana na hilo. Nilimjibu kabla hajamaliza maneno yake: familia kwanza, acha kazi. Jibu lilikuwa la haraka na, kwa fikra zangu za wakati ule, lilikuwa la Kikatoliki kabisa. Alinitii, akaacha kazi. Miezi michache baadaye nikaja kujua kwamba mshahara wake ndio uliokuwa ukilipa kodi ya nyumba, tena ndio uliokuwa ukiwasomesha wadogo zake wawili yatima. Sikuwa nimemuuliza. Tangu hapo nimejizoeza kuuliza kwanza. Nimejizoeza pia kurudi kwenye maandishi ya Kanisa lenyewe, kwa maana mara nyingi sisi, mapadre na walei, tunalitia Kanisa kinywani maneno ambayo halikuyasema.

Kanisa linafundisha nini hasa

Wapo waamini wanaodhani kwamba Kanisa limekwisha kutoa hukumu katika jambo hili: mahali pa mama ni nyumbani, na mama aendaye kazini anavumiliwa tu. Wapo wengine, hasa vijana waliosoma, wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo hiyo Kanisa halina la kuwaambia. Makundi yote mawili yangefaidika kwa kusoma.

Kitabu cha Mwanzo kinaeleza kwamba Mungu alimuumba mwanadamu kwa mfano wake, mwanamume na mwanamke, akawabariki wote wawili, agizo la kuzaa na agizo la kuitiisha dunia yakatolewa kwao pamoja (rej. Mwa 1:27-28). Hakuna mahali pasemapo kwamba mmoja alikabidhiwa watoto na mwingine akakabidhiwa dunia. Mke mwema anayesifiwa mwishoni mwa kitabu cha Mithali huliangalia shamba na kulinunua, hupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, hufuma nguo na kuziuza kwa wafanyabiashara (rej. Mit 31:16.24). Nimesikia mahubiri mengi juu ya mke huyo kuamka kungali usiku. Ni machache yaliyokumbuka kwamba alinunua shamba. Lidia, aliyempokea Mtakatifu Paulo nyumbani mwake huko Filipi, alikuwa mfanyabiashara wa nguo za zambarau, naye Priskila na mumewe Akula walishiriki kazi moja ya kushona mahema (rej. Mdo 16:14-15, 18:2-3).

Katika nyakati zetu, Mtakatifu Yohane Paulo II ndiye aliyelieleza jambo hili kwa upana zaidi. Mwaka 1981 alitoa hati mbili zinazofaa kusomwa pamoja: Waraka wa Kitume “Laborem exercens”, yaani “Kazi ya Binadamu”, tarehe 14 Septemba, na Wosia wa Kitume “Familiaris consortio”, juu ya wajibu wa familia ya Kikristo katika ulimwengu wa leo, tarehe 22 Novemba. Katika hati ya kwanza, namba 19, anafundisha kwamba ujira wa haki kwa mtu mwenye familia ni ule unaotosha kuianzisha familia hiyo, kuitunza na kuihakikishia kesho yake. Ujira usipofikia hapo, jamii itafute njia nyingine, kwa mfano ruzuku kwa mama anayejitoa kulea. Anaongeza kwamba ni heshima kwa jamii kumwezesha mama kuwalea watoto wake bila kunyang’anywa uhuru wake, bila kubaguliwa, na bila kuachwa nyuma na wanawake wenzake. Kisha anasema jambo ambalo kwangu ndilo kiini: maendeleo ya kweli ya wanawake yanadai kwamba kazi yenyewe ipangwe kwa namna ambayo mwanamke hatalazimika kulipia kupanda kwake kwa kuiacha familia na yale yaliyo yake hasa.

Tuangalie hapo ni nani anayeambiwa abadilike. Siku zote tumezoea kumwambia mama ajipange. Papa anawaambia wenye kazi wajipange.

Katika “Familiaris consortio”, namba 23, anashika pande zote mbili kwa nguvu ileile. Hadhi sawa ya mwanamke inampa haki kamili ya kushiriki shughuli za umma. Wakati huohuo jamii inapaswa kujengwa ili mama asilazimike, kwa shida tu, kutoka nyumbani kwenda kutafuta ujira, na ili kazi ya nyumbani ihesabiwe kuwa kazi yenye heshima. Mwaka 1995, katika Barua yake kwa Wanawake ya tarehe 29 Juni, aliwashukuru kwa zamu: wanawake walio mama, walio wake, walio mabinti, na wanawake wafanyakazi. Papa Fransisko naye, katika “Amoris laetitia”, yaani “Furaha ya upendo ndani ya familia”, hati ya mwaka 2016, anaziheshimu jitihada za kutetea haki za wanawake, mradi zisifute umama.

Kwa hiyo lile swali la dhambi lina jibu fupi. Kwenda kazini si dhambi, na kubaki nyumbani peke yake si utakatifu. Lakini jibu hilo fupi halimsaidii mtu mwenye barua mkononi na mtoto mgongoni. Anachohitaji ni namna ya kupima.

Mama wa Theresia

Tunao watakatifu waliopita njia hii, na mmoja wao tunamsahau ingawa tunamheshimu sana binti yake. Mama mzazi wa Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, Zélie Guérin, alizaliwa Ufaransa mwaka 1831. Mwaka 1853, akiwa bado msichana, alianzisha biashara ya lesi katika mji wa Alençon, uliosifika kwa lesi ya kushonwa kwa mkono. Biashara ilikuwa yake, tena ilitangulia ndoa kwa miaka mitano. Aliwagawia kazi wanawake walioshona vipande majumbani mwao, kisha yeye akaviunganisha kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1858 alifunga ndoa na Louis Martin, fundi saa. Walijaliwa watoto tisa. Wanne walifariki wangali wadogo, na mabinti watano waliobaki wote wakaingia utawani.

Barua za Zélie zaidi ya 200 zimehifadhiwa, na ndani yake kuna kitu ambacho wengi hawatarajii kukikuta kwa mtakatifu: uchovu. Oda zikiwa nyingi analalamika kwamba amekuwa mtumwa wa lesi. Oda zikikosekana anakosa amani. Nadhani mama yeyote anayeuza duka au anayeshona cherehani katika parokia zetu angezielewa barua hizo bila maelezo. Theresia alipozaliwa mwezi Januari 1873, mama hakuweza kumnyonyesha, na mtoto akadhoofika hadi kukaribia kufa. Ilibidi apelekwe kijiji cha Semallé kwa mwanamke aitwaye Rose Taillé, akamnyonyesha na kumlea kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Mtakatifu tunayemwita Mwalimu wa Kanisa aliokolewa na maziwa ya mama mwingine, wala hakuna anayesema kwamba Zélie alimtelekeza.

Jambo linalotajwa kwa nadra ni lile alilolifanya mumewe. Mwaka 1870 Louis aliliuza duka lake la saa kwa mpwa wake, akaingia katika biashara ya mkewe: akashika hesabu, akasafiri hadi Paris kutafuta wateja. Ni mwanamume wa karne ya 19, mwenye ufundi wake na jina lake mjini, anayeona kwamba kazi ya mkewe ndiyo inayohitaji mikono zaidi, naye anampa ya kwake. Zélie alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45, Theresia akiwa na miaka minne na nusu. Papa Fransisko aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu kwa pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, wakati Maaskofu wakiwa katika Sinodi juu ya familia.

Ningeweza kumwongeza Mtakatifu Gianna Beretta Molla wa Italia, daktari na mama wa watoto wanne, aliyefariki mwaka 1962 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2004, ambaye aliendelea kutibu wagonjwa baada ya kuolewa na kuzaa. Lakini Zélie anatutosha.

Kuketi na kuhesabu

Bwana wetu aliwaambia wafuasi wake juu ya mtu atakaye kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama (rej. Lk 14:28). Nilimwomba yule muuguzi arudi pamoja na mumewe. Walirudi Jumamosi, tukaketi ofisini na karatasi.

Mshahara wake wa wakati ule, baada ya makato, ulikuwa shilingi 750,000; mpya ungekuwa 1,350,000. Nyongeza ni 600,000, na mbele ya nyongeza hiyo mtu mwenye watoto anaweza kukosa usingizi. Tukaandika upande wa pili. Kodi ya chumba na sebule huko aendako, 150,000. Chakula, maji na umeme kwa kaya ya pili, 150,000. Nauli ya kurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi, 160,000. Nyumbani nako dada wa kazi asingeweza peke yake na mtoto mchanga, hivyo msaidizi wa kuja mchana, 60,000. Jumla ikawa 520,000. Kilichobaki ni 80,000 kwa mwezi. Mume aliichukua karatasi, akahesabu upya, akairudisha mezani bila kusema neno.

Sisemi kwamba kila hesabu itatoka hivyo. Nimeona nyingine iliyotoka kinyume: mama aliyekuwa akisitasita kupokea cheo cha mwalimu mkuu katika shule ya jirani, akakuta kwamba angepata nyongeza bila kuongeza hata nauli. Ninachosema ni kwamba familia nyingi haziandiki. Zinaona mshahara, zinaona mtoto, kisha zinagombana kwa hisia.

Tena karatasi haihesabu fedha peke yake. Inafaa kuandika pia saa. Mama anayeondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa moja usiku anamwona mtoto akiwa macho kwa muda gani? Nani yuko naye saa kumi jioni, atokapo shuleni akiwa na habari ya kusimulia? Papa Fransisko alizoea kuwauliza wazazi vijana kama wanacheza na watoto wao, na swali hilo hugusa zaidi ya swali la kama wanawalisha. Inafaa vilevile kutazama majira ya maisha. Mtoto wa miezi saba na mtoto wa miaka kumi na miwili hawahitaji kitu kilekile. Kuna kazi zinazoweza kungoja mwaka mmoja. Mtoto mchanga hangoji. Lakini nisimdanganye mtu: kuna nafasi zikipita hazirudi, na mama anayezikosa anabeba hasara ya kweli, ambayo haifutwi kwa kumwambia kwamba Mungu atamlipa.

Upo upande mwingine wa mizani ambao sisi wahubiri tunaupita haraka. Nimezika waume wa kutosha kujua kinachoweza kumpata mjane asiye na kipato chake. Nimeona ndugu wa marehemu wakigawana vyombo kabla ya siku arobaini, na mama mwenye watoto watatu akirudi kwa wazazi wake na sanduku moja. Mama anayetaka kuwa na mshahara wake, na michango yake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, huenda hafuati anasa wala mashindano. Huenda anawajengea watoto wake ukuta. Hilo nalo ni malezi.

Yako pia makazi mengi ya parokia zetu ambako maneno haya ya kuchagua kati ya kazi na nyumba yanasikika kama habari za watu wengine. Mama anayefika sokoni alfajiri kupokea mboga, mama lishe anayewasha mkaa saa kumi usiku, mjane anayefua nguo za watu, hawa hawakuwahi kuulizwa wanataka nini. Wengi wana marejesho ya kila wiki, na wengine wamenaswa na ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Kwao swali ni moja tu: mtoto akae wapi wakati mama akiuza? Kumhubiria mama wa namna hiyo juu ya umuhimu wa muda wa familia, bila kuligusa swali hilo, ni kumtwisha mzigo tusiougusa wenyewe hata kwa kidole.

Tamaa, au ukuu wa roho

Baadhi ya akina mama huja kuungama kwamba wana tamaa: wanataka kusoma zaidi, wanataka kupanda daraja. Hapa Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia. Katika “Summa theologiae” anaitofautisha tamaa ya heshima isiyo na kiasi, ambayo ni dhambi, na ukuu wa roho, ambao ni fadhila: ni moyo unaojinyoosha kuelekea mambo makubwa yanayolingana na vipaji ambavyo Mungu amempa mtu. Halafu anaongeza kwamba udogo wa roho, yaani kujirudisha nyuma mbele ya mema ambayo mtu anayaweza, nao ni dhambi, na ni sawa na yule mtumishi aliyeifukia talanta ardhini. Kwa hiyo ninapomsikia mama akiungama kwamba anatamani kuwa daktari bingwa, humuuliza anataka kumtibu nani, na cheo hicho kikichelewa atabaki na nini moyoni. Mara nyingi jibu linaonesha kwamba hakuna dhambi ya kuondolea hapo. Swali hilohilo ningependa waungamaji wanaume waulizwe, kwa maana ni nadra sana kusikia baba akijishtaki kwamba amepanda cheo watoto wakiwa hawamjui.

“Amua mwenyewe”

Narudi kwa yule mume mwalimu. Maneno yake, “Wewe ndiye mama, amua mwenyewe,” yalisikika kama uhuru. Mkewe aliyasikia kama kuachwa, na nadhani alisikia vizuri. Watoto ni wa wote wawili, na kiapo cha ndoa kilitamkwa na wote wawili. Mama akienda akapata shida, lawama ni yake. Akibaki na fedha zikapungua, lawama ni yake pia. Tunayo methali isemayo kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nimeisikia mara nyingi ikielekezwa kwa mama mwenye kazi na watoto, wala sijapata kuisikia ikielekezwa kwa baba, ingawa naye anavyo vyote viwili.

“Familiaris consortio”, namba 25, inamdai baba ashiriki malezi pamoja na mkewe, na ionywe kazi isiyoiunganisha familia bali kuitawanya. Papa Fransisko, katika namba 286 ya “Amoris laetitia”, anasema wazi kwamba mume anayeshika baadhi ya kazi za nyumbani au za malezi hapungukiwi uanaume wake. Katika jimbo letu tunao wanaume wanaompikia mtoto uji, lakini wanafunga mlango kwanza ili jirani asione. Nawaomba waufungue.

Katika nyumba nyingi za mjini, muda ambao baba na mama hawana huzibwa na mtu wa tatu. Ni binti wa miaka kumi na saba au kumi na tisa, ametoka kijijini, tunamwita dada. Ndiye anayejua mtoto anaogopa nini. Naye ana mama yake ambaye hajamwona tangu Noeli. Familia inayopima muda wake mbele ya Mungu haiwezi kuacha kuuliza kama dada analipwa kwa wakati, kama ana siku ya kupumzika, na kama Jumapili anakwenda Misa au anabaki nyumbani na mtoto ili sisi twende kwa utulivu. Nimewauliza wanandoa kadhaa swali hilo la mwisho, na mara nyingi nimejibiwa kwa kimya.

Wengine hutafuta suluhisho katika bweni. Mwaka 2023 Serikali, kupitia Wizara ya Elimu, iliagiza kusitishwa kwa huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne. Baadhi ya wazazi walilalamika, na naielewa shida yao, lakini nadhani agizo lilikuwa la haki: mtoto wa miaka sita anahitaji kulazwa na mtu anayempenda.

Sisi tulio waajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Akirudi kazini, mwajiri anapaswa kumruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku ya kazi. Baba aliwekewa siku zisizopungua tatu. Siku tatu ni chache, lakini baba asiyezitumia hana haki ya kulalamika kwamba ni chache.

Ni rahisi kuwaambia waajiri wengine. Lakini Kanisa nalo ni mwajiri. Tunazo shule, zahanati, hospitali na ofisi, na walio wengi kati ya wauguzi na walimu wetu ni akina mama. Je, zile saa mbili za kunyonyesha zinatolewa kwetu, au mama anapewa kwa maneno na kunyimwa kwa ratiba ya zamu? Je, yupo aliyekosa kuongezewa mkataba mara baada ya kuonekana ni mjamzito? Yohane Paulo II aliandika kwa ajili ya viwanda na kwa ajili ya ofisi za Serikali, na kwa ajili ya sista msimamizi wa zahanati na paroko mwenye shule pia.

Nasi mapadre tunakula muda wa akina mama kwa namna nyingine. Jumamosi asubuhi Jumuiya Ndogo Ndogo, mchana kikao cha WAWATA, jioni kwaya, Jumapili Misa na baada yake kikao cha michango. Mama aliyefanya kazi siku tano mjini anamkuta paroko akimsubiri siku mbili zilizobaki. Parokiani kwetu tulijaribu jambo dogo: vikao vyote vya Jumamosi viishe kabla ya saa sita mchana, na Jumuiya moja ya karibu na soko ikajipangia zamu ya akina mama wastaafu kukaa na watoto wadogo wa wauza mboga, siku tatu kwa wiki, katika ukumbi ambao vinginevyo ungekuwa umefungwa. Tulianza na watoto saba. Kulikuwa na ubishi juu ya nani alipie uji, na bado upo.

Yule muuguzi na mumewe waliiandikia ofisi ya mradi kuomba aanze kazi mwaka mmoja baadaye. Ombi lilikataliwa, na nafasi akapewa mtu mwingine. Alilia, nami sikuwa na neno zuri la kumwambia. Mume aliacha masomo ya ziada aliyokuwa akifundisha jioni siku za Jumanne na Alhamisi, akawa anarudi nyumbani mapema siku ambazo mkewe ana zamu ya usiku. Miaka mitatu imepita. Yule mtoto wa mgongoni sasa yuko darasa la awali. Mwaka huu mama ameomba nafasi ya masomo ya shahada, na mume ameomba uhamisho kwenda mkoa kilipo chuo hicho. Barua zote mbili bado hazijajibiwa.